Kuishi na Forester ya tabo Tabora

Mtu akishajua kwamba ile Subaru Forester nyeusi inayoegeshwa mbele ya duka la pembejeo ni ya kwangu, swali lake la kwanza ni mafuta. "Dada, hiyo si inakunywa balaa?" Inakunywa, sikatai. Nikizunguka mjini, Kanyenye, Gongoni, Isevya na matuta yake yote, lita 1 inanipa kama kilomita 7. Njia ya Nzega nikienda kwa adabu inavuka 10. Lakini mafuta unayaona kwenye pampu, unayazoea, unayapangia bajeti. Linalomfilisi mwenye gari la mbio la mtumba ni lile asiloliona: oili aliyokuwa akiweka mwenye gari aliyemtangulia, siku ambayo injini ilichemka na hakuna aliyesema, na kilomita zilizopo kati yake na duka lenye spea inayoingia kweli. Hilo la tatu sisi wa Tabora tunalo kwa wingi.

Gari lenyewe ni XT, chesisi SG5, Forester ya kizazi cha pili iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Injini ni EJ205: lita 2, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili isukume hewa ndani ya injini. Japani ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 220. Iko na ndugu yake, ya STI, yenye injini ya lita 2.5 na gia sita, ambayo vijana wa hapa wanaitaja kwa kushusha sauti. Sikuitafuta. Kwanza ni adimu, na gari adimu ukiwa Tabora maana yake ni kusubiri. Pili, ushuru. Wakati naulizia habari za kuagiza, gari la cc 1001 mpaka 2000 lilikuwa linatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, la kuzidi 2000 asilimia 10, na lolote lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linapachikwa asilimia 30 nyingine kwa uzee wake. Weka na ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Hapo hata hii ya lita 2 ikitokea bandarini inakuwa na bei isiyoendana na umri wake. Nikaamua nitafute iliyokwisha kusajiliwa nchini, yenye namba za mfululizo wa D.

Kwa nini yenye tabo wakati Forester za kawaida zimejaa? Jibu la kweli ni kwamba naipenda. Tangu niko chuo Mwanza ilikuwa ikipita nageuza shingo. Ila lipo na jibu la kigereji. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar. Injini ya kawaida inavuta hewa iliyopo, basi. Hewa ikipungua na nguvu inapungua. Yenye tabo inasukumiwa hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichopotea inarudi. Gharama yake ni kwamba kwa kazi ileile, tabo inazunguka kasi zaidi huku kwetu kuliko ingezunguka pwani, na inatoa joto zaidi. Habari ya joto nitairudia sana, mnivumilie.

Matangazo ya magari haya ungedhani yanaandikwa na mtu mmoja. Ful AC, muziki mnene, haina shida, ni kuwasha na kuondoka. Dalali mmoja alinitumia picha za injini iliyooshwa mpaka inameta. Nikamuuliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. "Hiyo kitu ya Japani dada, haibadilishwagi." Nikamshukuru, tukaachana salama. Injini iliyooshwa siku ya kupigwa picha inanitia shaka kuliko yenye vumbi, kwa sababu vumbi halifichi: palipo na oili linaganda, na unajua panavuja wapi.

Hili nililipata Mwanza, kwa kijana wa Nyegezi aliyekuwa anauza ili aanze ujenzi. Nilikwenda na fundi wangu wa Ng'ambo, mtu mzima ambaye gereji nzima inamwita babu, na mimi nikafuata mkumbo. Kabla hatujapanda basi aliniagiza kitu kimoja tu: mpigie muuzaji, mwambie gari asiliwashe mpaka tufike. Tulipofika akajifanya anaegemea boneti, akaacha kiganja pale.

"Kijana wangu, limetoka wapi hili?"

"Nilikuwa nalitoa juani tu, mzee."

"Haya. Basi sisi tunakwenda kunywa chai. Tutachelewa kidogo."

Tukanywa chai, tukaongeza chapati, tukaongea bei ya tumbaku mpaka jua likasimama utosini. Babu hakuwa na haraka hata chembe. Injini ikiwa ya baridi ndipo unapouona moshi wa bluu, ule wa oili iliyochuruzika usiku kupita sili za valvu au za tabo, na ndipo unapozisikia pistoni zilizolegea zikigonga. Ikishapata moto pistoni zinatanuka, sauti inakufa, na mnunuzi anatoa hela. Beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni kinyume chake: zinasikika vizuri oili ikishakuwa nyepesi. Kwa hiyo gari la namna hii linasikilizwa mara mbili, la baridi na la moto, na muuzaji anayekunyima moja kati ya hizo mbili ameshakujibu.

Alipoamua limepoa, hakukaa yeye kwenye usukani. Alinikalisha mimi. Nikawasha. Yeye akaenda nyuma kwenye ekzosti, akasimama hapo muda, akaingiza kidole na kukitazama: masizi makavu. Yangekuwa ya kunata ingekuwa habari nyingine. Halafu akaja mbele na bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, jicho moja kalifumba.

"Panda mpaka 3000. Achia. Tena. Achia."

Anachokisikiliza kiko pale sindano inaposhuka. Beringi ya konrodi iliyolika inagonga hapo, mlio mfupi mkavu, na kwa injini hizi za EJ zenye tabo huo ndio ugonjwa unaoua. Dawa yake ni kushusha injini, kuchonga krenki kama bado inachongeka, au kutafuta injini nyingine. Hatukuusikia. Akachomoa stiki, akainusa oili kama ina harufu ya petroli. Akafungua mfuniko wa kujazia, akatafuta ule utando wenye rangi ya chai ya maziwa unaotokea maji yakichanganyika na oili. Akalegeza mpira unaoingia kwenye intakula, kile kinachopoza hewa ya tabo, akapitisha kidole ndani: oili ya kupaka tu ni kawaida, ikiwa imetuama tabo inavuja. Mwisho akachuchumaa mbele ya kopo la kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, kutazama kama linatoa mapovu. Kijana mwenye gari kwa muda huo alikuwa kimya kabisa.

Tukalitoa mpaka kwenye kiwanja cha mpira, babu akakunja usukani mpaka mwisho na kulizungusha polepole. Subaru inaendeshwa na tairi zote nne wakati wote. Katika zile otomatiki kuna klachi ndani ya gia boksi inayogawa nguvu kwenda nyuma, na klachi hiyo inachukia tairi zisizolingana. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika ina mzunguko mkubwa kidogo, mfumo unadhani kuna gurudumu linateleza, klachi inashika na kuachia mwaka mzima mpaka inaungua. Ukikata kona kali utalihisi gari linakuwa zito, linajivuta. Hili lilijivuta kidogo. Tukatazama tairi: tatu za kampuni moja, ya nne ya kampuni nyingine kabisa. Tapeti kava ya kushoto nayo ilikuwa inavuja oili, inadondokea ekzosti, ndiyo ile harufu ya kuungua unayoisikia Subaru ikisimama kwenye taa. Hayo mawili yalishusha bei kutoka milioni 14 mpaka 12 na nusu. Yule kijana hakubisha sana. Nadhani alikuwa anajua.

Makaratasi yalituchukua muda kuliko injini. Kadi iwe halisi, sio kopi, kwa sababu kadi halisi mara nyingine iko kwa mkopeshaji na gari ni rehani. Namba ya chesisi usiisome kwenye kadi peke yake, fungua boneti uisome na kwenye gari, herufi kwa herufi. Ingiza namba ya gari mtandaoni uone madeni ya faini za trafiki, maana gari la mbio lina kawaida ya kupigwa tochi na deni linalifuata gari, halimfuati dereva. Mkataba kwa wakili, kisha TRA kubadili umiliki. Wapo wanaotembea miaka na kadi yenye jina la mtu mwingine. Wana moyo kuliko mimi. Bima niliweka kubwa, na nikawaambia bima kila kilichobadilishwa kwenye gari.

Nililileta Tabora kupitia Shinyanga na Nzega kwa mwendo wa bibi harusi, nikaliegesha gereji, na halikutoka tena mpaka mkanda wa taiming ulipobadilishwa. Ratiba ni kila kilomita 100,000, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha umebadilishwa. Kwenye EJ205 mkanda mmoja unazungusha pampu ya maji na kamshafti nne, zile zinazofungua valvu. Ukikatika ukiwa unaendesha, valvu na pistoni zinakutana, na injini imekwisha hapohapo. Babu alipotoa kava mkanda wenyewe ulionekana mzima, hauna hata ufa. Mimi nikaanza kupiga hesabu za kuokoa hela. Yeye hakusema kitu. Akafungua rola moja kati ya zile zinazouongoza mkanda, akaisogeza mpaka usawa wa sikio langu, akaizungusha kwa kidole. Ilikuwa inakwaruza. Akachukua nyingine, ikazunguka kimya na kusimama taratibu. Akanirudishia ile ya kwanza.

"Umesikia, mayu? Mkanda haufi wenyewe. Unauawa na hii."

Rola ikijam mkanda unasuguliwa, unapata moto, unakatika hata kama ni wa wiki iliyopita. Kwa hiyo tulibadilisha mkanda, rola zote, tenshona na pampu ya maji kwa pamoja. Kazi ya kufungua ni ileile, na bei ya kurudia ni maumivu. Sili za mbele za krenki na kamshafti nazo ziliingia siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ikaja oili, na kwenye oili mimi ni mkali. Tabo inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukichafuka au ukikatika, beringi yake haichukui muda. Injini nyingi za EJ zenye mfumo wa kubadili wakati wa valvu kufunguka zina vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti za mabomba ya oili, vidogo kuliko ncha ya kidole. Oili iliyokaa mpaka ikawa tope inaviziba, tabo inanyimwa, mwenye gari anasema tabo za Subaru ni mbovu. Tulivifungua vyangu. Kimoja kilikuwa na utando mweusi uliogoma kuisha hata kwa petroli, tukaweka kipya. Natumia sinthetiki kamili ya 5W-40, na naimwaga kila kilomita 5,000 bila kujali galoni limeandika elfu kumi. Nanunua kwa mtu mmoja ninayemjua anaitoa wapi, kwa sababu oili ya kuchakachua ipo na galoni lake linafanana na la kweli kwa kila kitu isipokuwa bei. Kiwango najazia kwa stiki, gari likiwa sehemu tambarare, sio kwa kuhesabu lita. Na kila Jumamosi asubuhi stiki inachomolewa hata kama gari halikwenda popote. Injini hizi kunywa oili kidogo ni kawaida yao. Kufa ni pale zinapokunywa na hakuna anayejazia.

Kwenye maji ya rejeta nimebishana na watu wengi. Bomba la nyumbani sio kulanti. Maji yanachemka mapema, yanatia kutu, na chumvi yake inaganda kwenye vinjia vyembamba. Halafu injini ya kulala ubavu inapenda kubaki na hewa ndani, kwa hiyo ukijaza haraka ukafunga, sindano ya joto itakudanganya huku hedi inaungua. Jaza taratibu kupitia tenki dogo la juu lililo karibu na intakula, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta, acha injini inunguruma na hita ya ndani imefunguliwa mpaka mapovu yaishe. Na kuna mifuniko miwili, wa tenki dogo na wa rejeta. Inafanana, lakini nguvu ya springi zake ni tofauti. Vijana wa gereji wakiifungua yote kwa wakati mmoja wanairudisha kwa kubahatisha. Mimi wangu nimeuandika "REJETA" kwa rangi nyeupe.

Sasa vumbi, na miembe. Mji wetu umejaa miembe, mingine mikubwa kuliko nyumba, na kivuli chake ndicho kila dereva anachokigombania. Forester ya tabo ina tundu juu ya boneti linalopeleka hewa moja kwa moja kwenye intakula. Majira ya maua, chini ya mwembe, tundu hilo linakusanya maua, majani, vijiti, wadudu. Kiangazi linaongezewa vumbi, halafu mvua za kwanza za Novemba zinavikandika vyote kwenye mapezi ya intakula. Gari linakuwa zito mchana, jioni likipoa linachangamka, na fundi asiyelijua anaanza kubadilisha plagi. Nilifunga wavu mwembamba wa mabati chini ya tundu, na brashi laini inakaa kwenye droo ya gari. Maembe yenyewe nayo ni hatari yake. Boneti lina shimo la embe la saizi ya yai na sijahangaika kulinyoosha.

Vijana wananishauri niweke hewa klina ya koni, ile ya wazi inayovuma. Kwa gari hili, hapa, hapana. Sanduku la kiwandani linavuta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari. Koni inavuta hewa ya moto kutoka palepale kwenye injini. Tena sensa inayopima hewa imepangiwa bomba lake la awali. Ukibadilisha umbo la njia ya hewa inasoma vibaya, na petroli inaweza kuingia pungufu. Injini ya tabo yenye petroli pungufu inatoboa pistoni. Na zile koni za kupaka mafuta huwa zinaichafua sensa yenyewe. Mimi natumia filta ya karatasi, naibadilisha mapema zaidi ya ratiba, na nikitoka njia za vumbi za vijiji vya Sikonge naifungua kuitazama.

Valvu ya kupiga chafya nayo nimeikataa, ile inayotoa hewa nje kwa kelele ukiachia mafuta. Hewa hiyo imeshapimwa na kompyuta imeshaitolea petroli yake; ukiimwaga nje mchanganyiko unakuwa mzito, gari linatoa moshi mweusi na pengine linazima ukifika kwenye makutano. Inapendwa kwa sauti yake tu. Ekzosti kubwa, kadhalika. Ninaishi jirani na watu wenye watoto wachanga.

Nilichobadilisha ni hiki. Cha kwanza ni breki: diski na pedi mpya mbele na nyuma, na mafuta ya breki yaliyobadilishwa yote, maana yanavuta unyevu na yakizeeka yanachemka. Tairi nne zinazovuta hazikusaidii kusimama. Ukitoka Tabora jioni kwenda Nzega unakutana na baiskeli za mkaa zisizo na taa, na ng'ombe wanaorudi nyumbani wakiwa na haki zote za barabara. Gari lenye nguvu za farasi 220 na breki za uzee sitampa hata adui. Pamoja na breki zikaingia tairi nne zinazofanana, zilizonunuliwa siku moja. Tulimwaga na mafuta ya gia boksi, na ile hali ya kujivuta kwenye kona ikapungua mpaka lazima uitafute ndipo uihisi.

Kisha shokapu. Baadhi ya Forester nyuma zina shokapu zinazojinyanyua zenyewe ukipakia mzigo. Zikichoka gari linakaa matako chini, na bei ya mpya inatisha. Tuliweka za kawaida, lakini pamoja na springi zake, kwa sababu springi za mfumo ule ni laini na peke yake hazibebi. Kulishusha gari chini kwa urembo sikufikiria kabisa. Anayeendesha Tabora na gari lililoshushwa anakijua kila tuta kwa jina. Badala yake fundi wa kuchomelea alinitengenezea sahani ya chuma ya kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, yenye tundu la kumwagia oili na matundu ya kupitisha hewa. Babu aliirudisha mara ya kwanza kwa kuwa haikuwa na ya hewa.

Ndani kuna geji tatu nilizoongeza: presha ya oili, joto la oili, na presha ya tabo. Ya kwanza ndiyo ninayoitazama. Taa ya oili ya kiwandani inawaka mambo yakiwa yameshaharibika. Geji inakuonyesha presha ikishuka ukiwa bado unaweza kuegesha.

Kompyuta ya injini niliigusa mwishoni kabisa, vyote hivyo vikiwa vimekamilika. Mfuniko wa tenki una stika ya Kijapani inayotaka petroli ya daraja la juu, ambayo kwao inakaribia oktani 100. Ya pampu zetu haifiki huko. Injini ina sensa inayosikia mlipuko usio wa wakati wake na kurudisha nyuma cheche kujilinda, lakini kujilinda kila siku kwa miaka sio maisha. Nilikwenda Dar kwa mtu anayeifanya kazi hiyo. Alikaa kiti cha abiria na kompyuta mpakato yake, akasoma, akabadilisha, akasoma tena. Sikumwomba aongeze nguvu. Nilimwomba alipange gari kwa petroli ninayoweka. Akaniachia kebo, nikirudi Tabora nimrekodie safari na kumtumia, kwa kuwa mpangilio alioufanyia usawa wa bahari alitaka kuuona ukifanya kazi huku juu. Alirekebisha vitu viwili vitatu kwa mtandao. Gari halijawa la kasi zaidi kiasi cha kujisifu, ila limekuwa laini, na mlimani halisiti.

Linalobaki ni spea, na hapo ndipo ukazi wetu wa Tabora unapolipiwa. Duka la hapa litakupa filta, plagi, pedi. Zaidi ya hapo ni Kariakoo, Gerezani, kwa simu.

"Namba ya chesisi?"

"SG5..."

"Tabo au kawaida?"

"Tabo."

"Otomatiki au manyuo? Mwaka?"

Muuzaji anayeuliza yote hayo ndiye wa kushika namba yake. Anayesema "ninayo, nitumie hela" kabla hujamaliza kutaja gari atakutumia ya Impreza. Siku hizi natuma picha ya kifaa cha zamani kikiwa mezani, rula pembeni, na namba iliyochapwa juu yake, kisha naomba na yeye anipigie cha kwake hivyohivyo kabla sijalipa. Kifurushi kinakuja kwa basi. Unapewa namba ya kondakta, basi linaingia usiku, unakwenda stendi na tochi na unakifungua palepale. Cha kurudisha kinarudi na basi hilohilo asubuhi.

Kwa ajili hiyo, stoo ya duka langu, nyuma ya magunia ya mbolea, kuna boksi: seti ya mkanda wa taiming, mipira ya rejeta ya juu na chini, termostati, koili moja, plagi nne, sensa ya hewa ya mtumba iliyojaribiwa ikafanya kazi, galoni la kulanti na mifuniko miwili mipya. Mume wangu amewahi kuuliza kwa nini tunahifadhi vipuri vya gari ambalo ni zima. Mwezi huu nataka kuongeza fiuzi za akiba, maana Forester ya otomatiki ina kishikilio cha fiuzi chini ya boneti ambacho ukichomeka fiuzi linaendeshwa na tairi za mbele tu. Ukipata pancha mbali, ukafunga tairi ya akiba ndogo, ndivyo unavyofika nyumbani bila kuiunguza ile klachi ya nyuma. Na wanaokuja kukuvuta waambie mapema kwamba gari linaendeshwa na tairi zote nne, kwa sababu mwenye lori hatakuuliza.